Vijidudu katika Shahawa: Bwana Naye Apimwe

Mtoto anapokawia kupatikana nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni mke. Mawifi hunung'unika, na bwana hushauriwa kuoa mke wa pili. Lakini kasoro huweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba takribani mtu mzima mmoja katika kila 6 hupatwa na shida hii maishani.

Leo tutazame jambo lisemwalo kwa nadra, nalo ni vijidudu vya shahawa. Hata mtu mwenye afya huwa navyo. Vingine hutoka katika ngozi tu, wala havidhuru. Hatari ni vile vya kisonono na klamidia, kwani huweza kuziba mirija ipitishayo mbegu za kiume. Klamidia aghalabu haina maumivu; mtu hujiona mzima, kumbe anamwambukiza mkewe, ambaye mirija yake ya uzazi huweza kuziba vilevile.

Mwaka 1978, huko Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo la mama. Matibabu hayo sasa hupatikana Kampala pia, ingawa gharama yake ni kubwa. Mbegu za mume huoshwa kwanza, na dawa ya kuua vijidudu hutiwa katika maji ya kukuzia mayai, maana vijidudu vikipenya huweza kuharibu kazi yote. Hata hivyo, wataalamu hawajaafikiana kama kila kijidudu hupunguza mafanikio. Basi anayekutwa navyo asikate tamaa.

Bwana anayekwenda kupimwa ajizuie na tendo la ndoa siku 2 hadi 7. Kabla ya kutoa shahawa, akojoe, kisha anawe mikono na uume. Kichupa kifike maabara kabla ya saa moja kupita.

Ugonjwa ukionekana, mume na mke watibiwe pamoja na kumaliza dawa waliyoandikiwa na daktari. Dawa za kujinunulia dukani huwafanya vijidudu kuwa sugu. Mbegu huchukua miezi miwili na zaidi kukomaa. Kwa hiyo kipimo cha pili hungoja kama miezi mitatu.

Askari asiyeogopa risasi asikiogope kichupa cha maabara. Huenda ndicho kitakachoiokoa ndoa yake.