Sina dini, na matanga ni yangu pia

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Katika taifa la watu milioni 47 hao ni wachache, hawafiki wawili katika kila mia. Hata hivyo wanawazidi Wahindu, waliokuwa 60,287, kwa zaidi ya mara kumi, na wafuasi wa dini za jadi kwa zaidi ya mara mbili. Mimi ni mmoja wa hao laki saba na ushei. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikaimba katika kwaya ya vijana. Kisha ukubwani imani ikaniishia polepole, bila ugomvi na kasisi yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa ni, "Kwani kanisa lilikukosea nini?" Halikunikosea kitu.

Swali la pili huwa gumu zaidi, nalo huulizwa kwa upole: "Sasa unaishije hapa kwetu?"

Naishi kama wengine. Panda matatu Jumapili asubuhi kutoka Kayole kwenda mjini Nairobi usikie. Kondakta yule yule ambaye Jumamosi usiku alikuwa akitupigia gengetone sasa ameweka nyimbo za injili, na kina mama waliovaa vitambaa vya kichwa wanaitikia. Huko mitaani makanisa ya mabati yanapakana ukuta kwa ukuta, kila moja na ngoma zake na spika iliyoelekezwa barabarani. Jirani akinikuta langoni na kuniambia "Bwana asifiwe", namjibu "Amina". Rafiki zangu wachache wasio na dini huona huo ni unafiki. Mimi naona jirani amenitakia heri kwa njia anayoijua, na heri hairudishwi kwa hotuba. Nikiahidi jambo nasema inshallah, nikishtuka namwita Mungu. Ndiyo lugha niliyolelewa nayo, na sina nyingine ya kushtukia.

Muziki nao haujawahi kunibagua. Sauti Sol walipotoa Kuliko Jana mwaka 2015 wakishirikiana na kwaya ya Red Fourth, bendi iliyojulikana kwa nyimbo za mapenzi ilitoa wimbo wa kumsifu Mungu, nazo kwaya za makanisani zikaupokea. Nimeusikia harusini, nimeusikia kilabuni. Sauti zile zikipanda pamoja moyo wangu hupanda nazo, na hakuna aliyewahi kunitaka nisadiki kwanza ndipo niruhusiwe kuupenda. Vivyo hivyo Maulidi ya Lamu. Wanaokwenda kumsalia Mtume huenda Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na nje kuna mashindano ya punda ufukweni, mashua na bao. Watoto huparamia kuta ili waone punda wakipita. Sherehe ile ni ya dini, nalo shangwe lake ni la mji mzima na mgeni wake.

Ila kinachonigusa kuliko vyote ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa mji wa kale wa Pate. Niliusoma kwanza shuleni kwa ajili ya mtihani, nikaurudia nilipokuwa nimekwisha kuacha kusali. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe usidanganyike na dunia, na ushahidi anaoutoa ni Pate yenyewe: majumba ya matajiri yamebaki magofu, madaka yaliyopangwa sahani za kauri sasa yanalaliwa na makinda ya ndege, popo wananing'inia walimokuwa wakikaa mabwana. Yeye anaendelea hadi akhera na moto wake. Mimi nabaki nyuma kidogo, kwenye yale madaka. Sina akhera ya kwenda, lakini alichokisema kuhusu mali na umauti nakikubali chote, na sijui mwandishi wa zama zetu aliyekisema vizuri zaidi. Mtu akiniambia kwamba kwa kutosadiki nimeupoteza utenzi ule, namwomba ausome upya. Uliandikwa kwa Kiswahili, nami ni wa Kiswahili.

Wapo wanaoshikilia kwamba Mwafrika asiye na dini ni kiumbe aliyeingizwa kutoka Ulaya. Hoja hiyo ina wazee wake. Mwaka 1969 John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha African Religions and Philosophy, na akaanza kwa dai kwamba Waafrika ni watu wa dini mno, hata dini haiwezi kutengwa na maisha yao. Kitabu kile kimesomwa vyuoni mpaka dai limekuwa kama tabia ya nchi, kitu ambacho hakuna anayekihoji. Wachache hukumbuka kwamba lilipingwa papo hapo, tena na mwana wa Afrika Mashariki mwenzake. Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda, mtunzi wa Song of Lawino, aliandika African Religions in Western Scholarship kuonyesha kwamba wamisionari, na wasomi wa Kiafrika waliofuata nyayo zao, waliivika miungu yetu kanzu za Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Kwa Okot, dini ya wazee wake ilishughulika na ya hapa duniani, maradhi na misiba ya kila siku.

Mimi si mwanachuoni wa kuwaamulia wawili hao. Ila nijuavyo, mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, nao Uislamu ulivuka bahari karne nyingi kabla yake. Kama imani zilizokuja na vyombo zimekuwa zetu, na zimekuwa zetu kweli, basi shaka nayo inaweza kuwa yetu bila kuombewa kibali.

Katiba ya 2010 inasema Kenya haina dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri. Mahakamani naweza kutoa uthibitisho badala ya kuapa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaniruhusu nifunge ndoa ya kiserikali, nayo ni halali sawa na ya kanisani au ya kadhi. Shuleni ndiko kunakobana: mtoto wa shule ya msingi hufundishwa dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, na mzazi kama mimi huchagua mojawapo kisha akamweleza mtoto mengine nyumbani. Mwaka 2016 chama cha Atheists in Kenya kilisajiliwa, na haukupita muda mrefu usajili ukasimamishwa na Mwanasheria Mkuu baada ya viongozi wa dini kulalamika. Chama hicho bado kipo. Mimi si mwanachama, lakini siku usajili uliposimamishwa niliumia, kwa sababu watu waliosema tu kwamba hawaamini walionekana tishio kwa amani ya nchi.

Aprili 2023 ikatufunulia Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, wengi wao ni wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu. Sikuyatumia maafa yale kuwasuta majirani zangu waumini, maana wao ndio waliolia nami. Lakini nasimama na jambo moja: palipo na uhuru wa kusema "siamini" kwa sauti, hata muumini anakuwa salama zaidi, kwa kuwa atakuwa amekwisha kumwona mtu akimkatalia mhubiri na jua likachomoza kesho yake.

Sasa nije matangani, ambako asiye na dini hupimwa kweli.

Jirani yetu fundi cherehani alipofariki, tulikutana kwake kila jioni kupanga mazishi. Viti vya plastiki viliazimwa, chai ya maziwa ikapikwa katika sufuria kubwa, na mimi nikachaguliwa mweka hazina. Nilishika daftari na simu iliyokuwa ikipokea michango ya M-Pesa. Jioni moja mwenyekiti akanigeukia: "Mweka hazina, tufungulie kikao kwa maombi." Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Mzee, uniwie radhi, mimi siombi." Pakawa kimya. Mjane alikuwa ameketi pale pale, na nilihofia kumwongezea uchungu. Akainuka mama mmoja wa Mothers' Union, mtu mzima, akasema, "Basi, mwanangu, wewe tusomee waliochanga, kuomba niachie mimi." Akaomba. Nilisimama na kuinamisha kichwa kwa heshima ya mjane. Alipomaliza nikasoma majina: elfu moja, mia tano, mia mbili, na kijana wa bodaboda aliyetoa hamsini. Nilisoma lile la hamsini kwa sauti ile ile niliyosomea elfu. Tangu hapo hadi siku ya kuzika ndio ukawa utaratibu wetu, na hakuna aliyeuliza tena.

Marehemu yule alikuwa muumini, akazikwa kiumini, ikawa sawa. Nina wasiwasi na sisi tusio waumini. Nimekaa mazishini na kumsikia mhubiri akiutangazia umati kwamba marehemu, mtu ambaye maisha yake yote alisema hasadiki, alitubu saa ya mwisho. Waliomjua walitazamana. Hakuwepo wa kumjibia.

Kesi ya S. M. Otieno inapaswa kutufundisha. Wakili huyo mashuhuri wa Nairobi alifariki Desemba 1986. Mjane wake alisema mumewe alitaka azikwe Matasia, karibu na Ngong, ukoo ukasema ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano mjane na ukoo wakishindana mahakamani, na Mei 1987 ukazikwa Nyalgunga. Kesi ile ilihusu mila na wala haikuhusu kutoamini, ila ilionyesha jinsi neno la mdomo la marehemu lilivyo jepesi mbele ya wengi.

Kwa hiyo mimi nimeandika. Wasifu wangu usomwe na mtu aliyenijua. Kuliko Jana iimbwe, kwa sababu naipenda. Mama yeyote anayetaka kuniombea aniombee, nitakuwa nimeheshimiwa. Asiwepo wa kusema nilitubu. Kama ni kaburi au ni tanuri la kuchomea maiti la Kariokor, nimewaachia wanangu waamue. Hata mwili wa Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana, ulichomwa mwaka 2005, kwa hiyo hata kanisani jambo hilo si geni.

Msomaji, kama katika jamaa yako yuko asiye na dini, na huenda yuko ingawa hajakwambia, mwulize angali hai anataka azikwe vipi. Usimbishie siku hiyo. Andika anachokisema, atie sahihi, washuhudie wawili, na karatasi aishike mtu atakayekuwa na ujasiri wa kuisoma mbele ya ukoo.