KOF Imegoma Kufunguka? Soma Kenye Terminali Inasema

Wasee, Windows 10 ilizikwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ya 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ya juzi-juzi. Sasa cheki mashini zenye hushuka huku kwetu: laptop za okazioni, zimechoka kwa ofisi za watu Ulaya ama Dubai, zikalala Kampala, zikavuka mpaka wa Kasindi juu ya lori, ndo zinafika Beni na Butembo kona zimechubuka. Core 2 Duo, RAM ya giga mbili, betri ilishaenda zake. Windows 11 itaingilia wapi hapo? Msee mwenye akili anapiga Linux Mint, ile ya Xfce, na mashini inaamka.

Ikishaamka, mbogi haiulizi kama LibreOffice iko. Inauliza moja tu: KOF inaingia?

KOF ni The King of Fighters '98 ya SNK, gemu ya Neo Geo. Ina majirani zake: Metal Slug ya 1996, Street Fighter II ya Capcom ya 1991, na kwa wazee kabisa, Pac-Man ya Namco ya 1980. Hizo gemu ziliishi ndani ya kabati kubwa lenye skrini, vijiti na tundu la sarafu. Wengi wetu huku tulizijua bila kuona hilo kabati hata siku moja. Kenye kinazileta ndani ya laptop ni MAME, emuleta, yaani programu ya kuigiza, yenye Muitaliano Nicola Salmoria aliachilia Februari 1997, na tangu Machi 2016 ni programu huru. MAME haiigizi gemu. Inaigiza chuma chenyewe, prosesa, chipu ya sauti, saketi, mpaka gemu inadanganyika iko ndani ya kabati lake. Shika hiyo, ju ndo italeta ngori yote huko mbele.

Na usione ni mchezo wa watoto tu. Beni jua likizama watu wanajifungia mapema. Mauaji yalianza kutikisa ile eneo 2014, na Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa jeshi. Kitu yenye inachezeka ndani ya nyumba, bila rezo, na watu wawili kwa kibodi moja, hiyo si anasa.

Sasa stori yenyewe. Mdogo anakuja base, laptop kwapani.

"Yaya, mashini imekataa."

"Imekataa ikisema nini, mudogo?"

"Imekataa tu."

"Haikuandika kitu?"

"Iliandika mambo mingi ya Kiingereza, nikafunga."

Apo ndo huwa nachoka. Linux haikatai kimya-kimya. Terminali inakupa jina la faili, inakuonyesha penye imetafuta, na saa zingine inakuandikia hadi amri ya kuponya. Kiingereza chake si cha kutisha, ni maneno machache yenye yanarudi-rudi. Ukishajua NOT FOUND na missing, uko mbali tayari.

Tuanze na ile ya kuchekesha. Laptop za Kampala zina kibodi ya QWERTY, lakini sisi tukiinstall tunachagua Français, ju shule yote tumesoma na Kifaransa. Mint inakupendekezea mpangilio wa AZERTY, unabonyeza Continuer bila kuangalia. Baadaye unapiga mame, skrini inaandika ,q,e na paswadi inakataliwa hadi unadhani umerogwa. Dawa ni amri setxkbmap us, noma ni kuiandika ukiwa bado ndani ya AZERTY: M imejificha kwa kitufe cha nukta-mkato, A imejificha kwa Q. Kwa hiyo vidole vipige setxkb;qp us, skrini itaandika sawa. Ukishapona, ingia kwa mipangilio ya kibodi uiweke ya kudumu, ju hiyo amri inakufa ukizima mashini.

Halafu kuna saa. Laptop imekaa stoo miaka, kabetri ka duara ka CR2032 kwa mama-bodi kamekufa, kila ukiwasha tarehe iko nyuma. Unapiga sudo apt update, inajibu Release file is not valid yet. Watu wanatukana rezo. Rezo haina kosa, mashini inaamini tuko miezi kadhaa nyuma, na faili yenye imepokea inaonekana imeandikwa kesho. Rezo ikiwa safi Mint hujirekebishia saa yenyewe. Ikiwa ya kubahatisha, piga sudo date -s, fuatisha tarehe na saa ya leo ndani ya alama za kunukuu, na kesho yake utafute kabetri.

Kuranti nayo unaijua. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, maji yanazalisha umeme wa Virunga tangu 2013, lakini Butembo nyumba nyingi bado zinategemea sola na grupu. Sasa laptop yenye betri imekufa, pakeji zinaingia, esansi ya grupu inaisha. Giza. Ukiwasha tena, kila amri ya apt inakukatalia na inasema dpkg was interrupted. Soma hiyo mstari hadi mwisho, maze: imekuandikia dawa hapo hapo, sudo dpkg --configure -a. Ipige, fuatisha sudo apt install -f, endelea. Na kama inasema Could not get lock, programu ingine iko inafanya update nyuma ya mgongo wako. Ngoja imalize. Usifute faili ya lock ati ju ulimwona jamaa wa video akifuta.

Mega ndo shida ya mboka nzima. Forfait inaisha katikati ya pakeji na ganji imeenda. Kama uko na msee mwenye koneksio ya chuo, UCG pale Butembo ama UCBC pale Beni, mwambie afanye hivi kwa mashini yake: sudo apt install --download-only mame. Hiyo inateremsha deb, yaani faili za pakeji, bila kuinstall, zinakaa ndani ya /var/cache/apt/archives. Ananakili zote kwa fleshi, wewe unafungua terminali ndani ya hiyo folda, unapiga sudo apt install ./*.deb na imeisha. Lakini rada ni hii: Mint yake na yako ziwe namba moja. Deb za Mint 22 kwa Mint 21 zitakuletea unmet dependencies hadi uzeeke. Mashini zote ziwe 64-bit pia, uname -m ijibu x86_64. Na ni poa akiwa na Mint mpya-mpya, ju kama alishaweka programu mob, apt haitateremsha vile vipande yeye anavyo tayari, na wewe ndo utavikosa.

Sasa ROM. Hapa ndo wasee wanalilia.

ROM ni nakala ya chipu za gemu, imefungwa ndani ya zip. Usiifungue! Watu wanatoa vitu zote nje ati wanasaidia mashini. MAME inaisoma ikiwa zip hivyo hivyo. Mahali pake kwa Mint ni folda mame/roms ndani ya home yako. Kama haipo, itengeneze: mkdir -p ~/mame/roms. Ukitaka kujua MAME inatafuta wapi kikweli, piga mame -showconfig | grep rompath na usome.

Fleshi za mtaa zimepita kwa Windows za saiba zote, kwa hiyo utakuta mambo. Moja, ile virusi ya rakursi: ukichomeka fleshi kwa Windows unaona vimshale tu. Kwa Linux faili zako za kweli kawaida zinaonekana, mara nyingi ndani ya folda yenye haina jina; usipoziona, bonyeza Ctrl na H. Zinakili, vimshale viache vife. Mbili, majina ya herufi kubwa. KOF98.ZIP kwa Windows ni sawa na kof98.zip, hakuna anayejali. Ukishaihamisha kwa diski ya Linux, hao ni watu wawili hawajuani. MAME inamtafuta mwenye herufi ndogo. Badilisha jina.

Umeweka, unapiga mame kof98. Inakuja mistari kadhaa, na mmoja unasema sp-s2.sp1 NOT FOUND, inaongeza kwamba imejaribu ndani ya kof98 na ndani ya neogeo. Hapo mdogo alikuwa anafunga dirisha. Lakini tazama, imekuambia kila kitu: hiyo sp-s2 ni BIOS, roho ya Neo Geo yenyewe, na inakaa ndani ya faili ingine inaitwa neogeo.zip. KOF, Metal Slug, Super Sidekicks ya mpira, zote zinaegemea hiyo moja. Iweke kando ya kof98.zip, ikiwa zip. Undugu kama huo uko hata kwa Street Fighter: sf2j ya Kijapani haifunguki kama sf2, mzazi wake, haiko karibu, ju mtoto hubeba tu vipande vyenye anatofautiana na mzazi.

Bado imekataa? Basi ni umri. MAME inatoka karibu kila mwezi, na kwa kuwa inaigiza chuma, kila wataalamu wakisoma chipu upya vizuri zaidi, orodha ya vipande inabadilika. Kipande kinapewa jina jipya, kingine kinaongezwa. Zip yenye ilikuwa fiti kwa MAME ya 2003 inakosa vitu kwa MAME ya leo. Mint 21 inakupa MAME 0.242, Mint 22 inakupa 0.261. Na zip ya fleshi yako ni ya MAME gani? Hakuna mtu anajua. Imenakiliwa toka saiba hadi saiba tangu enzi za Windows XP. Uliza mashini: mame -verifyroms kof98. Itajibu is good ama is bad, na kipande gani kinakosa. Bad haimaanishi virusi wala fleshi imekufa. Zip na emuleta ni za miaka tofauti tu.

Una njia mbili. Utafute zip ya umri wa MAME yako, ama utafute emuleta ya umri wa zip yako. Mimi kwa mashini za huku nachagua ya pili bila kufikiria mara mbili. RetroArch iko kwa apt, na ndani yake unaweza kuweka MAME 2003-Plus, yenye mizizi yake ni MAME 0.78 ya mwaka 2003. Ni nyepesi, Core 2 Duo inaibeba ikicheka. Kulazimisha MAME mpya kwa laptop ya giga mbili ni kiburi tu. RetroArch ya apt mara nyingi imeficha ile menyu ya kuteremsha emuleta kama hiyo, zenye yenyewe inaita cores: funga RetroArch kwanza, fungua ~/.config/retroarch/retroarch.cfg, tafuta menu_show_core_updater, geuza false iwe true, uhifadhi, kisha ufungue RetroArch upya.

Kabla ya yote hayo lakini, jipime na gemu halali. Tovuti ya wenye MAME inatoa ROM kadhaa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kama Robby Roto ya 1981 na Gridlee. Ni faili ndogo, mega haziumii. Ikifunguka mame robby, basi MAME yako iko poa na shida ni zip ya KOF, acha kuinstall upya Linux. KOF yenyewe bado ni mali ya SNK, hata kama fleshi ya jirani inasema vingine. Jua tu hivyo.

Mambo madogo. Skrini nyeusi ama picha inakwama kwa kadi za Intel za kitambo: mame kof98 -video soft. Inatembea kama bamotari kwa matope: ongeza -autoframeskip. Padi ya USB haisikii: weka pakeji ya joystick, piga jstest /dev/input/js0, bonyeza vitufe uone namba zikiruka. Zikiruka, padi iko hai, ingia MAME, bonyeza Tab, uipange.

Halafu KOF inafunguka, muziki unalia, skrini inaandika Insert Coin, na mdogo anapiga Enter, Enter, Enter. Sarafu atajulia wapi? Franka zetu zote ni noti, sarafu tunazoshika ni za Uganda zenye zinavuka Kasindi. Kwa MAME, kitufe cha 5 ndo sarafu. Kitufe cha 1 ndo kuanza. Bonyeza 5 venye unataka, hakuna mwenye duka atakudai.

Kwa hiyo msee, ukikwama usiniletee "imekataa". Niletee picha ya skrini na maneno yake yote, namba ya Mint yako, na jibu la mame -verifyroms. Na ukipitisha fleshi kwa mwenzako, mwekee deb zako, robby.zip ya kujaribia, na kafaili ka maandishi kenye kanasema ROM zako ni za MAME namba ngapi. Hako kafaili kwa fleshi za hii mtaa hakapatikanagi.