Akiba Haiozi: Vilengeo vya Chuma kwenye Bunduki ya Darubini

Katika majira ya mvua, alfajiri mjini Bwera huanza kwa ukungu. Hushuka kutoka milima ya Rwenzori, ukatanda juu ya mashamba ya kahawa na mahindi mpaka mpakani Mpondwe. Huko bondeni iko Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, nayo inapakana na hifadhi ya Virunga ya nchi ya Kongo. Ndovu na nyati hawatambui mipaka iliyowekwa na wanadamu. Wanapoingia shambani usiku, kazi ya jasho la miezi mingi huweza kupotea kabla ya jua kuchomoza.

Askari wa wanyamapori akiitwa, kwanza hujitahidi kuwafukuza wanyama hao bila kuwadhuru. Lakini iko siku ambapo nyati aliyejeruhiwa na mtego wa jangili hujificha katika matete karibu na njia ya kwenda kisimani. Mnyama huyo hana budi kumalizwa, kwa maana akiachwa atamwua mtu. Ikiwa askari amechukua bunduki ya kuwindia yenye darubini, na kioo chake kimefunikwa na ukungu, je, atalenga kwa kitu gani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mwenye darubini ni vilengeo vya chuma: ncha iliyosimama karibu na mdomo wa mtutu, pamoja na mwanya au tundu lililo nyuma yake. Macho hupanga vitu hivyo viwili na shabaha katika mstari mmoja.

UDHAIFU WA DARUBINI

Darubini ni chombo chema. Humwezesha mtu kumtambua mnyama vizuri kabla ya kufyatua, na kumpiga mahali pa kumwua upesi bila mateso. Hata hivyo ni chombo cha vioo na skrubu. Mtu akitoka kwenye baridi ya mlimani na kuteremka kwenye joto la bonde, mvuke hugandamana juu ya kioo. Matone ya mvua huziba. Bunduki ikianguka juu ya jiwe, darubini hupinda au hulegea, na mwenyewe asijue mpaka risasi imekwenda upande.

Udhaifu mwingine ni wa karibu. Darubini inayokuza mara 6 au zaidi, ikielekezwa kwa nyati aliye hatua 10, huonyesha manyoya meusi matupu. Mtu hajui kama analenga bega au tumbo. Hapo ndipo vilengeo vya chuma huokoa maisha.

Historia ya Uganda yenyewe inatoa ushahidi. Mwindaji W.D.M. Bell, aliyeingia Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Uharibifu wa namna hiyo hausifiwi leo, lakini ni wazi kwamba katika safari zile alilenga kwa vilengeo vya chuma. Mafundi wa zama hizo walijua pia shida ya giza. Katika bunduki za wanyama wakubwa waliweka ncha ya mbele yenye kitone cheupe cha jino la ngiri, kipate kuonekana jioni.

Askari jeshi na polisi hawana ugeni na jambo hili, kwani bunduki ya Kalashnikov hutoka kiwandani na vilengeo vyake. Lakini bunduki nyingi za kuwindia huuzwa siku hizi zikiwa na mtutu mtupu, kwa kudhani kwamba darubini yatosha.

NAMNA ZA KUFUNGA

Kazi ya kufunga ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kutoboa mtutu vishimo vifupi na kukaza vilengeo kwa skrubu. Kishimo kikizidi kina, mtutu hudhoofika na huweza kupasuka. Ya pili ni kuuvisha mtutu bangili ya chuma iliyobeba kilengeo, ikashikwa kwa lehemu isiyohitaji moto mkali. Ya tatu ni kufunga kilengeo cha nyuma chenye tundu juu ya kile kitako kidogo cha chuma kinachobeba darubini, na kubakiza kazi ya ncha ya mbele tu.

Vilengeo pekee havitoshi ikiwa darubini inaviziba. Kwa hiyo inafaa darubini ifungwe kwa vishikizo vinavyofunguka kwa wenzo, bila bisibisi. Wako wanaoinua darubini juu ili wachungulie chini yake, lakini hapo shavu hukosa pa kuegemea na shabaha huyumba. Kadhalika, kitako cha bunduki kilichotengenezwa kirefu kwa ajili ya darubini huweza kuliweka jicho juu mno. Kabla ya kulipa fundi, mwenye bunduki aiinue begani akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue. Jicho lisipokuta vilengeo mahali pake, kazi bado.

KUREKEBISHA

Vilengeo visivyojaribiwa ni pambo tu. Katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, bunduki iegemezwe juu ya mfuko wa mchanga, zipigwe risasi tatu kwa umbali wa mita 50, kwa risasi za aina ile ile itakayotumiwa kazini. Jicho liione ncha ya mbele kwa ukali, hata kama shabaha yaonekana kwa ukungu kidogo.

Kanuni ni hii: kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele husogezwa kinyume chake. Risasi ikipiga kushoto, kilengeo cha nyuma kipelekwe kulia. Ikipiga chini, kilengeo cha nyuma kiinuliwe, au ncha ya mbele ipunguzwe kwa tupa. Ikipiga juu, tupa isiguse ncha hiyo, maana kosa litazidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa kati ya vilengeo viwili pana sentimita 50, na shabaha iko mita 50, umbali wa shabaha ni mara 100. Kosa la sentimita 10 huondolewa kwa kusogeza milimita 1 tu. Ndiyo sababu fundi hugonga taratibu, tena kwa nyundo ndogo.

Mwisho, darubini irudishwe mahali pake na kupigwa risasi tatu nyingine. Zisipoangukia pale pale palipozoeleka, vishikizo havifai.

SHERIA NA NYUMBANI

Nchini Uganda silaha humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Maelezo haya hayampi mtu ruhusa ya kuingia hifadhini.

Nyumbani, iwe kijijini au katika kota za polisi, bunduki isisafishwe wala kuguswa skrubu kabla ya kufungua chemba na kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba ni tupu. Ifungiwe, nazo risasi zifungiwe mahali pengine. Vilengeo vipya humvutia mtoto kuchungulia. Baba na mama wawe na neno moja katika jambo hili.

Ukungu wa Rwenzori utaendelea kushuka kila majira ya mvua, na nyati hatangoji kioo kipanguswe. Aliyeviweka na kuvijaribu vilengeo vyake mapema ataingia katika matete yale akiwa na jibu tayari.