Mazuku: kwa nini pumzi yako mwenyewe inaweza kukuangusha

Bandugu, wakati nilikuwa namaliza licence ya agronomia, tulienda kuchukua udongo upande wa Bulengo, magharibi ya Goma. Ilikuwa asubuhi mapema. Katika kishimo kati ya mawe ya volkano tukakuta mbuzi amekufa, bila kidonda. Mwenzangu akataka kushuka amtoe. Mama mwenye shamba akapiga kelele: «Acheni! Ni mazuku!» Siku ile sikuelewa namna gani kishimo cha mita moja kinaweza kuua kijana mwenye afya. Jibu liko katika ubongo wetu.

Nani anaendesha pumzi? Si mapafu. Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu ndogo inayotoa amri kama mpiga ngoma, mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Amri inapita kwa neva za shingoni mpaka kwenye kiwambo, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kinashuka, hewa inaingia. Ndiyo maana unapumua hata ukiwa usingizini.

Wengi tunafikiri ubongo unachunga oksijeni tu. Hapana. Oksijeni inapimwa kwenye mishipa ya shingo, lakini alarme yake inalia kwa nguvu wakati imeshashuka sana. Kila dakika, ubongo unachunga zaidi gazi kaboniki. Ikiongezeka, asidi inapanda katika maji yanayozunguka ubongo, na amri inatoka: pumua sana, itoe! Funga pumzi kidogo uone. Ile hamu kali ya kupumua inaletwa zaidi na gazi kaboniki.

Mpango huu ni mzuri kama gazi inatoka mwilini. Lakini mazuku ni gazi kaboniki inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo, zaidi usiku na asubuhi kama hakuna upepo. Hewa ya kawaida iko na 0,04 kwa mia hivi. Ndani ya mazuku inaweza kupita 10 kwa mia. Ubongo unaamuru upumue zaidi, na kila pumzi inaingiza gazi ileile. Halafu gazi inalevya ubongo wenyewe: kichwa kinazunguka, unaanguka. Na ukianguka, uko chini zaidi, pale gazi iko nyingi.

Kwa hiyo watoto na mbuzi wanapatikana mbele, juu ni wafupi. Ukiona mtu ameanguka kishimoni, usishuke, hata kama unajidai kufunga pumzi: kumbeba mtu kutakulazimisha kupumua. Ita watu, mtafute namna ya kumvuta kwa kamba mkiwa juu.

Yule mama hakuwa na diploma, lakini aliokoa mwenzangu. Sisi tuko na maelezo. Tuyapeleke kwa watoto wa mtaa. Kwenu mazuku iko wapi? Andikeni hapa chini, wapangaji wapya wajue.