Muhogo Unaponyimwa Siku Zake

Muhogo mchungu unataka kama siku tatu majini. Mama yeyote wa Kibabi, au wa popote kati ya milima ya Masisi na misitu ya Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, amelijua hilo tangu utotoni: menya, roweka mpaka ulainike, anika, ndipo utwange unga wa bugali. Maji hayaondoi uchungu tu, yanaondoa sianidi.

Sumu hiyo ikiingia mwilini huvamia mitokondria, sehemu ndogo mno ndani ya seli zinazotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Huziba kimeng'enya cha mwisho katika kazi hiyo, na seli hufa njaa ingawa damu imejaa hewa. Ubongo hauvumilii hali hiyo: uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu.

Kwa sababu hiyo hata maradhi ya mitokondria ya kuzaliwa nayo hujionyesha sana kwenye ubongo, macho na misuli. Mtoto hushikwa na kifafa kisichosikia dawa. Kijana hupofuka macho yote mawili katika wiki au miezi michache. Mwingine hupata kiharusi akiwa bado kijana, au kisukari pamoja na uziwi. Mwaka 1988 ndipo ilipothibitishwa kwamba hitilafu katika jeni za mitokondria zenyewe, ambazo mtoto huzipata kwa mama, huleta maradhi. Hitilafu nyingine hutoka kwa wazazi wote wawili. Hakuna anayechagua jeni zake, na mama asilaumiwe.

Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sianidi ya muhogo, hairithiwi. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Mtu mwenye afya njema, mara nyingi mtoto aliyepita miaka 3 au mwanamke wa umri wa kuzaa, hukakamaa miguu yote miwili kwa ghafla, pengine ndani ya siku moja. Haizidi, wala haiponi. Wanasayansi bado wanafuatilia jinsi hasa sianidi inavyoharibu neva hizo, lakini chanzo chake, muhogo usioiva majini, kinajulikana.

Mwaka 2011 watafiti waliripoti konzo Burhinyi, Kivu Kusini, katika nchi iliyochoshwa na vita. Anayekimbia risasi hana siku tatu. Anang'oa mizizi, anaroweka usiku mmoja, watoto wanakula. Tena maharagwe, samaki na maziwa vimekosekana, navyo ndivyo vinavyoupa mwili salfa ya kuipunguza makali sianidi. Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini. Familia iliyoporwa ng'ombe wake imenyang'anywa kinga hiyo pia, na hili linaniuma kuliko yote.

Madhara hayaishii miguuni. Huko Kahemba, Kwango, watafiti Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay walionyesha mwaka 2013 kwamba hata watoto wanaotembea vizuri, lakini wanaoishi karibu na wagonjwa, walifanya vibaya katika majaribio ya akili kuliko wenzao wa kijiji kisicho na konzo.

Kwa unga uliokwisha kusagwa ipo njia ya Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze mwembamba juu ya mkeka, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hupaa hewani. Bugali hupikwa siku hiyohiyo. Akina mama wa Kay Kalenda, huko Popokabaka, walifundishwa njia hiyo, na muda wote wa mradi hakutokea mgonjwa mpya hata mmoja.