Ushirika wa Balokole na Malezi ya Imani Katika Dhiki

Miongoni mwa Wakristo wengi wa Uganda, Rwanda, Burundi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania na nyanda za juu za Kenya, kumtegemea Mungu si siri ya moyo wa mtu mmoja, bali ni jambo linalolelewa na ushirika, yaani kundi dogo la waumini wanaokutana mara kwa mara kusoma Biblia, kuomba na kushuhudiana. Desturi hiyo ilienezwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililopata nguvu katika miaka ya 1930 kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, na ambalo wafuasi wake walijulikana kwa jina la Kiganda la Balokole, maana yake waliookolewa.

Uamsho huo ulichipuka katika shida. Njaa iliyoitwa Rwakayihura ilikuwa imeikumba Rwanda mwaka 1928 na 1929, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyehudumu Gahini, alikuwa amechoka mwili na roho alipokutana Kampala mwaka 1929 na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Msisitizo uliokua baadaye ni kwamba mtu anayeficha udhaifu wake mbele ya ndugu zake katika imani hujinyima msaada wa Mungu anaouomba.

Msisitizo huo ndio unaoeleza mwenendo wa ushirika wenyewe. Anayetaka kushuhudia husimama, huwasalimu wenzake kwa maneno “Bwana Yesu asifiwe”, kisha hueleza hali yake bila kuipamba: deni lililomshinda, chuki aliyonayo kwa jirani, ugonjwa wa mtoto au hofu iliyomkosesha usingizi. Uwazi huu huitwa kutembea nuruni, na akishamaliza, wenzake huitikia kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Hata hivyo, toba haikuishia katika maneno, kwani aliyeiba alitarajiwa kurudisha alichochukua na aliyekosana na mwenzake kwenda kupatana naye. Wake kwa waume walishuhudia mbele ya kundi moja, jambo lililokuwa geni katika jamii ambazo mwanamke hakuzoea kusema hadharani mbele ya wanaume.

Ushirika ulishika pia baadhi ya majukumu ya ukoo. Uliwashauri vijana waliotaka kuoana, ukasimamia sherehe zisizo na pombe, na kwenye msiba ukakesha na wafiwa. Hapo ndipo tofauti na desturi za kale ilipoonekana wazi, kwa sababu Mlokole aliyefiwa hakutakiwa kwenda kwa mganga kupiga ramli ili kumjua aliyemroga marehemu. Badala yake aliachiwa nafasi ya kulia, kuuliza na hata kukiri kwamba imani yake imetikisika, huku wenzake wakiendelea kuomba kwa niaba yake.

Malezi hayo yalipimwa hadharani. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, waumini wengi wa Uamsho katika eneo la Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha za serikali ya kikoloni, hivyo wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya yeye na maaskofu wenzake kuulaani ukatili wa serikali kwa maandishi.

Desturi hii haikukosa kasoro, kwani ushuhuda wa wazi uliweza kugeuka mazoea, na wakati mwingine waliookoka waliwahukumu wengine kwa ukali. Mvutano na viongozi wa Kanisa ulifikia kilele mwaka 1941, wanafunzi 26 wa Uamsho walipofukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Lakini nguvu ya desturi hii imebaki katika kanuni moja ya maisha: muumini hasubiri shida yake iishe ndipo aisimulie kama ushindi, bali huieleza ingali inamlemea, na katika kuieleza hujifunza kumtumaini Mungu pamoja na wanaoibeba naye.