Mchezaji voliboli, miguu yako inalingana?

Msomaji, ikiwa binti yako huchezea chuo chake voliboli hapa Isiolo, jua kwamba goti na kifundo huumia zaidi anapotua kuliko anaporuka. Mpime, mashine haihitajiki. Asimame peku kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, ule mwingine aunyooshe mbele kadiri awezavyo, aguse chini kidogo na kuurudisha bila kuyumba. Pima umbali kwa tepu ya fundi cherehani, kisha abadilishe mguu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006, ingawa ulihusu mpira wa vikapu, ulionyesha kuwa tofauti ya zaidi ya sentimita 4 iliongeza uwezekano wa kuumia mara 2.5. Akiwa nayo, azoee kusimama kwa mguu dhaifu kila siku, hata akipiga mswaki. Goti likivimba, amwone daktari kabla ya mechi.